Kiganja Juu ya Mzinga

Jumatatu, 4 Machi 1861

Evaristo tena! Mkwe gani huyu Mungu kanipa. Leo mezani, mdomo umejaa samaki wa Kwaresima, anamweleza binti yangu Leocadia kwamba mizinga yangu ya shaba imepitwa na wakati. Eti ndani ni laini mno, kombora linatoka linayumba. Mzinga wake ni wa chuma, una mifuo ya kuzungusha kombora ndani ya mtutu, na unapakiwa kwa nyuma. Kwa nyuma! Miaka yote hii nayeyusha shaba hapa Sevilla, na kila mzinga wangu ulipofyatuliwa mara ya kwanza nilisimama ubavuni, kiganja juu yake, kama mafundi wote walionitangulia. Yeye, Alhamisi Kanali wa jeshi akija kuujaribu wake, atavuta kamba ndefu ya kufyatulia, kajificha nyuma ya ukuta. Nikamwita mwoga. Leocadia akacheka — akanicheka mimi.

Jumatano, 6 Machi

Evaristo kaniita karakanani. Kwa adabu, eti.

"Baba, nitazamie mlango wa nyuma wa mzinga. Macho yako nayaamini kuliko yangu."

Nikainama. Ile pete inayozuia moto usirudi nyuma ina ufa. Mwembamba, lakini upo. Ikiachia, mlango mzima utang'oka. Nikamtazama: kanyoa, kapendeza, kajaa nafsi yake. Nikamwambia mlango uko sawa.

Na umpasukie mbele ya Kanali! Haumii mtu, wote watakuwa nyuma ya ukuta. Aibu tu. Aionje na yeye.

Alhamisi, 7 Machi

Jaribio ni leo, Kanali kafika mapema. Leocadia kapita kuniletea koti, furaha tele. Anasema Evaristo kaiacha kamba. Kamwambia Kanali kwamba baba mkwe kaukagua mwenyewe, basi na yeye atasimama ubavuni, kiganja juu ya mzinga, kwa desturi yetu.

"Anataka mpatane, baba. Vaa uje."

Akatangulia mbio.

Mpumbavu! Nani kamtuma aniheshimu? Namchukia hata sasa, na leo zaidi. Nikienda nitasema nini — kwamba niliuona ufa? Leocadia hatanitazama tena maisha yangu yote. Nisipokwenda —

Tarumbeta la kwanza. La tatu ndilo la kufyatua. Uwanja uko nyuma tu ya karakana, nikikimbia nawahi. Koti nimevaa. Kofia hii hapa.

La pili.

Na mimi bado nimekaa, naandika