Shangazi, Nimempata wa Kugombana Naye

Uyole, Mbeya
Jumapili, baada ya ibada

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta umekaa karibu na jiko, maana najua baridi ya Igowole msimu huu haina adabu. Goti linaendeleaje? Na yule kuku mwekundu anayetagia kitandani kwa wageni, mmemhamisha au mmeamua kumwachia chumba? Mimi huku ni mzima kabisa. Nimenenepa hata sketi uliyonishonea inalalamika, kwa sababu mwenzangu wa ofisini ni mtu wa Kyela na akienda kwao harudi bila mchele.

Utajiuliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Shangazi, simu yako unaiweka spika. Mara ya mwisho nilikulalamikia tumbo, na kesho yake Baba, mchungaji na yule mama wa vitumbua wote walinipigia kunipa pole. Hili la leo ni lako kwanza. Likifika kwa Baba, lifike kwa mdomo wako, siku utakayochagua wewe, akiwa ameshakula.

Jambo lenyewe ni hili. Kuna kijana anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Anaitwa Lusajo, kwao Tukuyu, na tunafanya kazi ofisi moja. Bila wewe kumfungulia mlango hawezi kuingia, na mimi, Shangazi, nataka aingie. Sasa vaa miwani vizuri nikueleze.

Unakumbuka ulichoniambia stendi ya Mafinga siku naondoka? Ulinivuta pembeni ukasema, "Faraja, usiolewe na mtu ambaye hujagombana naye. Kwenye raha kila mtu malaika. Mwone akishinda, mwone na akishindwa." Basi huyu nimegombana naye mpaka wenye duka la pembejeo chini ya ofisi yetu wanatujua kwa sauti.

Nianze na kazi, maana nasikia ukiulizwa ninafanya nini unasema "anatengeneza kompyuta," na watu wanakuletea redio zilizokufa. Sitengenezi kompyuta. Ninaziandikia maagizo, na maagizo hayo yana lugha zake. Umekwisha kuiona vita kama hii. Si unakumbuka Baba na yule mwalimu mpya wa kwaya? Baba anaandika nyimbo kwa do re mi, mwalimu akaja na vile vinundu vyenye mikia juu ya mistari mitano, Baba akasema ule si muziki, ni viluwiluwi. Wimbo ni uleule, anayesifiwa ni yuleyule, na bado nusura kwaya igawanyike mara mbili. Huku kwetu ni hivyohivyo. Mimi naandika kwa lugha inaitwa Python. Lusajo anaandika kwa PHP. Kompyuta haijali, inafanya kazi ya wote wawili. Sisi ndio tunaojali.

Tuko wanne. Mimi na Tumpe, huyo binti wa Kyela, tunakaa dirishani na ni watu wa Python. Lusajo anakaa mlangoni na PHP yake, pamoja na bosi wetu Kaka Jofrey, ambaye zamani aliandika PHP lakini siku hizi anaandika ankara tu. Hakuna jambo ambalo halijagombaniwa humo ndani. Tumpe ameifanya skrini yake kuwa nyeusi, anasema skrini nyeupe ni ya makarani. Lusajo anasema skrini nyeusi ni ya watu wanaotaka waonekane wana akili. Kwenye Python lazima kila mstari uusogeze ndani kwa kipimo chake, ukikosea nafasi kidogo tu programu inagoma, basi Lusajo akipita nyuma yangu ananiuliza, "Bado unapanga hewa?" Tumewahi kugombana asubuhi nzima kuhusu nafasi tupu, Shangazi. Kitu ambacho hakipo! Mama yangu angetuona angetupa majembe.

Tumpe ndiye mwenye maneno makali. Siku moja mbele ya mteja alisema, "PHP ilishakufa, wengine hawajapewa taarifa tu." Niliona aibu, nikasema leo ofisi inavunjika. Kaka Jofrey alishatuonya kwamba tukishindwa kukaa pamoja atafunga biashara afuge nguruwe, na anavyowapenda nguruwe ungejua hatanii.

Kesho yake tunafika, tunamkuta Lusajo amekaa chini kwenye mkeka nje ya mlango, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali, ameshika tama. Pembeni kuna bakuli la rambirambi. Tumpe akauliza, "Nini tena?"

"Si mmesema amekufa? Tumeweka matanga. Karibuni mkae, wafiwa tuko hapa."

Akaanza kusoma wasifu wa marehemu kwa sauti ya katekista. Kwamba marehemu alizaliwa katika familia ya kawaida, hakuwa na sura, lakini hakuchagua kazi. Kwamba ameacha watoto wengi duniani kote, mmojawapo ukiwa ule mtandao ambao dada Tumpe ananunulia wigi. Hapo Tumpe alikalia ngazi kwa kicheko. Lusajo akamalizia, "Mazishi yameahirishwa, kwa sababu marehemu ameamka saa mbili kwenda kazini." Mama wa duka la pembejeo alitia shilingi kwenye bakuli, hakujua hata aliyefiwa ni nani. Tulizinunulia maandazi tukala wote pamoja, na Tumpe akaomba radhi mdomo umejaa.

Nilimtazama vizuri kuanzia siku hiyo. Mtu anatukanwa hadharani, kisha anawapikia watu kicheko. Lakini nikakumbuka maneno yako, Shangazi, nikasema hapo alikuwa anashinda. Akishindwa je? Au mimi nikishindwa, atanifanyaje?

Haikuchukua muda. Chama kimoja cha wakulima wa viazi kilitupa kazi ya kutengeneza mfumo: mkulima anatuma meseji kwamba ana magunia kadhaa ya uzito fulani mahali fulani, mwenye lori anaona na kuyafuata. Lusajo akachukua upande wa kupokea meseji na kuonyesha skrini, kwa PHP yake. Mimi nikachukua upande wa kukagua na kuhesabu, kwa Python yangu. Nikaukagua kweli. Niliandika kwamba gunia lenye uzito kupita ule wa sheria ni kosa, mfumo usilipokee. Tumpe akanipigia makofi. Tukasema hiyo ndiyo lugha yenye nidhamu.

Najua umeshaanza kucheka. Siku ya kuonyesha, ghala limejaa wakulima, skrini imetandazwa ukutani, Kaka Jofrey amevaa tai. Wakulima wakatuma meseji zao. Ukuta mweupe. Wakatuma tena. Mweupe. Mama mmoja akasimama akauliza, "Binti, viazi vyangu vimekwenda wapi?" Ndipo nikageuza macho mlangoni nikayaona magunia yenyewe yamepangwa, yote lumbesa, yamejazwa mpaka juu na kuongezewa kilemba cha wavu, yameshonwa kwa kamba kama unavyoyashona wewe. Mimi, mtoto niliyejifunza kutembea nikishikilia lumbesa uani kwenu, nimeiambia kompyuta kwamba kitu hicho hakipo duniani.

Lusajo alielewa muda uleule nilioelewa mimi. Angeweza kusema neno moja tu, Python, na angekuwa amelipiza miezi yote. Shangazi, nilishikilia kiti. Akasimama akasema, "Wazee wangu, mama zangu, mtuwie radhi. Huu mfumo wetu umelelewa kanisani, haujawahi kuona lumbesa. Tupeni siku chache tuutembeze sokoni." Ghala zima likacheka, mzee mmoja akajifuta machozi kwa kofia. Tukapewa nafasi nyingine.

Tulipofika ofisini Lusajo akafunga mlango, akavua koti, akasema, "Haya Faraja. Sasa tugombane."

Tukagombana! "Wewe mtu wa Mufindi," akasema, "unawezaje kuandika kwamba lumbesa haipo?"

"Haitakiwi kuwepo! Mnunuzi anabeba gunia na nusu, analipa gunia moja. Nikiipokea nimeihalalisha."

"Ukiikataa mkulima anarudi nayo nyumbani, na mnunuzi anamfuata hukohuko kwa bei ya kutupa. Umemsaidia nani?"

"Ndiyo PHP yako hiyo, kumeza chochote!"

"Na Python yako inasusa chakula kama bibi harusi!"

Tumpe akachemsha chai, ikapoa, akaipasha, ikapoa tena. Lusajo hakunitukana hata mara moja, ila hakuniachia hata neno moja lipite bure, na mimi sikumwachia. Mwisho nikasema, basi tuyapokee, lakini tusiyaite magunia. Tuyaandike kwa kilo, na mwenye lori azione kilo hizo kabla hajawasha gari. Lusajo akajikuna kichwa, akasema, "Hapo umenishinda. Mimi ningeyapokea tu."

Nikamwambia na mimi ningeyakataa tu. Kaka Jofrey akatoa kichwa nyuma ya ankara zake akasema, "Kama mmemaliza kuoana, andikeni."

Tuliporudi ghalani skrini ilijaa. Jina la yule mama likatokea na kilo zake zote, hata za kwenye kilemba, na wenye malori wawili waliokuwa wamekaa nyuma wakaanza kunong'onezana kama watu waliokutwa jikoni. Yule mama akapiga vigelegele, wenzake wakamwitikia, na mimi nikalia, Shangazi, nililia kwa furaha mbele za watu na sikujali. Lusajo akaninong'oneza, "Safari hii umepanga hewa vizuri."

Wiki iliyofuata nikakuta ametuma programu kwenye kompyuta yangu. Nikaifungua: ni Python! Lusajo, aliyeapa kwa migomba ya babu yake kwamba hataigusa! Nikaiendesha, ikagoma. Alikuwa amekosea nafasi, ile hewa anayoicheka kila siku. Nikaketi nikaipanga mstari kwa mstari huku yeye amejifanya anaongea na simu. Ilipokubali, yakatokea maneno haya tu: "Faraja, naweza kuja Igowole?" Nikavuta kompyuta yake nikamwandikia jibu kwa PHP. Ilikubali mara ya kwanza, na hilo sitalikiri kwake kamwe. Nilimjibu: "Mpaka Shangazi aseme."

Kwa hiyo tunakusubiri wewe, Shangazi. Nampenda. Nimekizunguka kila upande hicho kitu nikitafuta jina jingine, silioni. Hajaacha PHP na mimi sijaacha Python, na sidhani kama tutaacha, na sitaki aache, kwa sababu nitagombana na nani? Najua Baba atauliza kwanza kama ni Mhehe. Sema hapana, ni Mnyakyusa, kisha kabla hajavuta pumzi mwambie ni mtu wa kwaya. Neno hilo litamlainisha. Ukimwona ameshika kidevu, mwongezee chai.

Nisalimie Baba na Mama. Mwambie Mama kitenge kimefika na nimekivaa leo kanisani. Nisalimie mdogo wangu wa mwisho, asome hesabu, lumbesa itamsubiri. Nisalimie Babu mzaa mama na bega lake, na mke wa kaka, mwambie jina la mtoto tunalisubiri huku. Hata huyo kuku mwekundu, chumba akiachie, huenda mgeni akaja.

Wako wa damu, mwanao wa kugombana,

Faraja

Nilikuwa nimeshaifunga barua, nimeifungua tena. Nilisema Lusajo ni mtu wa kwaya. Sikusema anaandikaje nyimbo zake. Shangazi, ni viluwiluwi. Mistari mitano, mikia, kila kitu. Amenitolea hoja nyingi kwamba do re mi ni ya watoto, na nimemwambia hizo hoja akaziseme mwenyewe Igowole. Nimemkataza kuficha. Aje, akae mbele ya Baba, wagombane. Wewe kaa palepale na chai yako umtazame akishinda, umtazame akishindwa. Kisha unipigie. Siku hiyo nitakuruhusu uweke spika.