Macho Manane Kwenye Kompyuta Moja

Chumba cha nyuma, duka la ushonaji,
Tarehe 9 Mei.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na sasa unapanda ngazi za kazini bila kushika ukuta. Sisi hatujambo. Mama anaendelea vizuri na dawa zake za presha, nami ninajiandaa kwa mitihani ya muhula.

Najua Baba alikuandikia kwamba Dada ameacha kusoma, nawe ukamtafutia kazi ya mapokezi hapo hotelini unapofanya kazi. Tunashukuru sana. Lakini mambo hayakuwa hivyo, na naomba unisikilize hadi mwisho.

Chuo cha Dada kina mfumo wa kompyuta unaoonyesha nani amefungua masomo, mara ngapi, na amekwama wapi. Mwanafunzi asipoonekana, mshauri wao humtafuta mapema, kabla hajafeli. Dada alipojiandikisha hakuwa na simu, akaandika namba ya Baba. Basi ujumbe ukaingia kwa Baba, akiwa anampima mteja suruali: "Hatujakuona kwenye masomo kwa wiki tano. Kuna tatizo gani?" Baba alielewa kwamba Dada hakanyagi chuoni kabisa. Hakumuuliza. Alikuandikia wewe siku hiyohiyo.

Dada alipokuja nyumbani Jumamosi alikuta sanduku lake limeshatolewa uvunguni. Alilia, kisha akaeleza. Chumbani kwao wako wanne, na mwenye kompyuta ni mmoja tu, wanayemwita Stoo kwa sababu hakosi kitu. Wote husomea hapo, kwa jina na nywila ya Stoo. Kwa hiyo mfumo ulimwona Stoo kuwa bingwa, na wale watatu kuwa watoro.

Jumatatu Baba alifunga duka, tukaenda naye kwa mshauri. Ni mama mwembamba, ofisi yake imejaa mafaili hadi dirishani. Alimwita Stoo, akamwambia:

"Kumbe wewe unasoma kwa macho manane."

"Kumi, mama," Stoo akajibu. "Mimi nina miwani."

Baba alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya ule ujumbe.

Sitakuficha, Shangazi, mashine haikukosea yote. Majaribio ya takwimu hufanywa darasani kwa karatasi, na alama zilizoingizwa kwenye mfumo zilionyesha kwamba Dada huanguka kila inapofika mada ya uwezekano. Nusu ya darasa huanguka hapohapo. Mwalimu wao ameifundisha upya, na Dada amewekwa kwenye kikundi cha watu sita kila Jumatano. Siku hizi kila mmoja anaingia kwa jina lake, kwenye kompyuta za maktaba. Jaribio lililofuata alipata kumi na moja kati ya ishirini. Si nyingi, ila mwanzoni alipata nne.

Baba ameelewa, lakini anaona aibu kukurudishia nafasi ya kazi uliyomwombea Dada, maana wewe ni dada yake mkubwa na anakuogopa. Anasema neno la mwisho ni lako. Dada naye anasema atakubali lolote mtakaloamua.

Mimi sikubali. Kwa heshima zote, naomba umwambie mwenye hoteli ampe mtu mwingine kazi hiyo. Mtihani wa takwimu ni tarehe ishirini na nane, na tiketi ya basi ambayo Baba alimkatia Dada kuja kwako ni ya tarehe ishirini.

Wasalimie binamu zangu mapacha. Mama na Bibi wanakusalimu. Mungu akulinde kazini na njiani.

Mwanao akupendaye,
Kitindamimba