Kiti cha Babu Tunabaki Nacho

Mama,

Chai iko kwa thermos. Maharagwe iko kwa jiko, usiache iungue. Na usishtuke na damu hapo kwa mlango, mingi si yetu. Kidogo tu ndio ya Evalyne.

Yule mtu wa kununua viti vya kitambo anakuja saa kumi kutoka Kisaju. Ulisema nichague kimoja cha babu tubaki nacho, zingine achukue. ~~Nimechagua kile cha shanga, kinaendana na sofa.~~ Hapana! Hicho aende nacho. Tunabaki na kile kizito cha miguu tatu, kile wewe unaita kuni.

Mama, wacha nikuambie! Kaloki amekuja asubuhi kuchukua Evalyne, bibi yake. Amevuta dada na nywele mpaka mlangoni, "Hata mamako amesema urudi uvumilie!" Akampiga ngumi, mdomo ukapasuka. Mimi nilikuwa napanguza viti. Nikainua hicho kizito na mikono mbili nikamshukishia nacho kwa bega, mfupa ukalia ka! Akaanguka, akijaribu kuinuka nikamwongeza ingine ya goti, damu ikamwagika. Ametoka akiruka na mguu moja, majirani wamecheka mpaka basi. Na kiti haina hata ufa!

Nimepeleka Evalyne ashonwe huko Kajiado, halafu tupitie polisi. Kwa Kaloki harudi. Tafadhali Mama, leo usimwambie avumilie.

Wazee wao wakikuja jioni kuomba msamaha, wape sofa. Kaloki mpe hicho kiti. Wanajuana.

Lastborn wako,
Phylis