Mwavuli wa Beatrice

Mugumu,
18 Novemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo umetulia? Beatrice hajambo? Mimi mzima, hata nimenenepa, usicheke. Barua hii anakuletea Thadeo, kondakta wa basi, maana simu ya nyumbani anashika baba, na tangu nilipowakimbia sijui nitamwambia nini.

Hapa nyumba ya mabinti tumeanza kujaa. Msimu wa kukeketa ukikaribia wanakuja, wengine peku, wanalia tu. Matroni ameamua tarehe 7 Desemba tufanye maonyesho ya mavazi: sisi wa ushonaji tushone, wao wavae, watembee mbele za watu, angalau wasahau kidogo. Wazazi mmekaribishwa. Njoo, Mama. Njoo na Beatrice.

Binti yako,
Gati

Kemambo,
25 Novemba

Gati mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tumeshazoeana. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Wazee wa mila wametangaza. Baba yako amesema mdogo wako Beatrice anatahiriwa mwaka huu, wiki ya pili ya Desemba. Ule mwavuli wa maua niliokununulia wewe, wa kurudi nao nyumbani ukiimbiwa baada ya kutahiriwa, ameushusha darini akampa yeye. Anauzungusha uani kutwa nzima. Hajui kinachokuja. Au anajua, sijamuuliza.

Maonyesho siji. Ulipokimbia, shangazi yako aliniita mama wa msagane pale kisimani, watu wote wakisikia, eti nimezaa msichana asiyetahiriwa, nani atamwoa. La kwako nimelibeba. La pili litanitoa kwenye mji huu. Na nguo, mwanangu, zimwokoe nani?

Mama yako

Mugumu,
30 Novemba

Mama,

Shikamoo. Habari za mgongo, na za ndama?

Ni kweli, nguo haziokoi mtu. Lakini msichana akishaingia hapa, hakuna wa kuja kumtoa. Geti lina mlinzi, na polisi wanatujua.

Nimeshona gauni la njano kwa vipimo vya Beatrice ninavyovikumbuka. Kiunoni nimeongeza kidogo, maana miaka miwili si haba. Wenzangu wameliomba. Nimewaambia lina mwenyewe.

Gati wako

Kemambo,
14 Desemba

Gati,

Hujambo? Na Beatrice, hajambo? Sijazoea kumuulizia kwa barua.

Samahani siku ya maonyesho niliondoka bila kuaga. Baba yako nilimwambia tunakwenda Mugumu kwa ajili ya nguo za Beatrice. Si uongo. Nauli alitoa mwenyewe.

Nilikaa nyuma, karibu na mlango. Wasichana wenu wanatembea kama wana haraka ya kwenda chooni, waambieni. Lakini alipotoka Beatrice na lile gauni la njano, mwavuli wa maua juu, akina mama wakapiga vigelegele, nikasema moyoni, haya basi, ndiyo siku yake hii. Ametembea, ameshangiliwa, na hakuna aliyemgusa kwa wembe. Mwanangu, nilifurahi mpaka nikaogopa. Alipogeuka kurudi nyuma ya pazia nikatoka. Angeniona ninavyolia, angenifuata kituoni.

Gauni linambana kiunoni. Lilegeze.

Nilipofika nyumbani baba yako akauliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia amepata nguo, amebaki nazo. Alielewa. Kesho yake vyombo vyangu vilikuwa nje. Sasa niko kwa Mama Joel, ng'ambo ya mto. Ndama amebaki kule, na shangazi yako amepata wimbo mpya. Siku za mwanzo nililia. Leo nimepalilia mahindi ya mwenyeji wangu, tukacheka kidogo.

Msije. Si Krismasi, si mwaka mpya, hata mkiambiwa naumwa. Nikiwahitaji nitakuja mwenyewe.

Mwambie Beatrice mwavuli nauhitaji sana, mvua huku haikatiki. Lakini asiulete.

Mama yenu