Salamu Zilizofutwa

Jumatatu, 9 Juni

Nimemaliza kuchapa kikao cha tisa. Umeme umekatika mara mbili. Mgongo unauma.

Kila kikao cha wakulima na wafugaji nakiingiza kwenye gumzo moja la akili unde, katika kompyuta ya kamati yetu ya usuluhishi, ili mwishowe itutolee rasimu ya makubaliano. Jumamosi isomwe, watu watie alama za vidole. Kinachongojwa ni kimoja tu: malka. Ng'ombe wapite wapi kwenda kunywa mtoni bila kukanyaga mahindi ya mtu. Mara ya mwisho swali hilo lilijibiwa kwa panga. Shemeji yangu mpaka leo hawezi kukunja vidole.

Jumanne, 10 Juni

Hasira. Sijui nianzie wapi.

Nilikuwa nimempeleka mama kliniki. Huku nyuma mashine ikatoa onyo: gumzo limejaa, halibebi zaidi. Komora, katibu mwenzangu, akaamua kufanya usafi. Bila simu, bila kuniuliza. Kafuta karibu nusu ya vikao. Narudi namkuta anajisifu.

"Nimetoa salamu tu, dada. Kurasa na kurasa za hujambo. Ya maana yote yapo."

Rasimu imetoka haraka, kweli. Ameichapisha na kuiweka mezani kwangu kama zawadi. Nimemwambia angesubiri. Akasema napenda kulalamika. Nimekunywa chai bila sukari kwa ghadhabu, na sukari ilikuwepo.

Jumatano, 11 Juni

Kifungu cha nne. Nimekisoma mara tatu. Eti ng'ombe wa Mama Hawo na jirani zake watapita malka ya zamani.

Malka ya zamani! Mto ulishahama. Pale sasa ni shamba la Mzee Jillo, mahindi yamefika kiunoni. Hilo likisomwa Jumamosi mbele ya wakulima, hatutoki salama.

Nimeiuliza mashine imelitoa wapi. Ikajibu wazi: katika maneno yaliyobaki, malka inayotajwa ni hiyo peke yake, na yaliyofutwa haiyaoni tena. Siwezi hata kuigombeza. Haikudanganya. Ilikatwa.

Ndipo nilipokumbuka kikao cha tatu. Mama Hawo, mjane wa Kiorma, na Mzee Jillo walisalimiana karibu nusu saa. Watoto, ndama, mvua, nyasi, maji. Walipofika kwenye maji, hapo hapo wakakubaliana njia mpya. Kwa kina Mama Hawo habari imo ndani ya salamu. Salamu ikiisha, neno limekwisha. Alipoulizwa rasmi baadaye alisimulia tu malka ya babu zake, kwa heshima. Komora amezaliwa hapa hapa Garsen na hilo halijui. Ningekuwa na fimbo leo!

Jioni

Niandike yote. Kikao kile nilikichapa mimi, kutoka kwenye rekodi. Vidole vilichapa, akili ilikuwa kwingine. Nakumbuka kwamba walitaja mahali. Mahali gani, sikumbuki. Nakala nyingine hakuna, na rekodi niliifuta kwenye simu. Kwa nini? Nafasi. Sababu ile ile ya Komora. Daftarini nimeandika: "salamu, ndefu." Basi.

Mzee Jillo yuko Malindi kwa matibabu ya macho mpaka Ijumaa usiku, simu imezimwa. Amebaki Mama Hawo. Naona haya kumwendea.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda bomani kwake, nje ya Tarasaa. Alikuwa anasafisha vibuyu vya maziwa kwa moshi. Alinipokea kama kawaida yake: nyumbani, mama, watoto. Nami, mjinga, nikamkata katikati. Nikamweleza kilichotokea, ili nisimpotezee muda.

Akaweka kibuyu chini.

"Kumbe salamu yangu ni takataka," alisema. "Haya. Andika."

Akanipa kwa maneno machache: ng'ombe washukie mtoni chini kidogo ya pampu mbovu, asubuhi tu, na kabla ya adhuhuri wawe wametoka. Ndama wabaki nyumbani mpaka mahindi yavunwe. Nikaandika kwa mkono. Haikuchukua hata dakika mbili. Nilipoaga hakunisindikiza.

Nimerudi na kumfokea Komora mpaka jirani wa duka akachungulia. Nilimwita mpumbavu. Nilijua kabisa ni nani mwingine ninayemfokea, na sikunyamaza.

Jumamosi, 14 Juni

Kikao. Watu wengi kuliko viti. Kifungu cha nne, kilivyoandikwa upya, nimekisoma mimi, polepole. Mzee Jillo, jicho moja limefungwa bandeji, akasema ndivyo walivyokubaliana. Vidole vikatiwa. Hakuna aliyepaza sauti. Komora aligawa chai na hakunitazama. Nitamwomba radhi. Si leo.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi nimepita pale mtoni. Kwato mbichi chini ya pampu mbovu. Mahindi yamesimama.

Sokoni nikamkuta Mama Hawo na maziwa yake. Nikamsalimu. Nikamuuliza watoto, ndama, nyasi. Moja moja, kama anavyofanya yeye.

"Salama," akajibu.

Nikasubiri aendelee. Akamgeukia mteja mwingine.