Ushuhuda wa Jumapili

Mlowo, Alhamisi

Sijapona. Naandika hapa kwa sababu leo nyumbani hakuna aliyetaka kulisikia neno hilo.

Kaka Lameck amekwisha kuwaambia wazee wa kanisa kwamba Jumapili nitatoa ushuhuda wa uponyaji. Hakuniuliza.

“Damu imekoma, unakula, juzi umechuma kahawa nusu debe,” alisema. “Kisu cha nini tena, mdogo wangu?”

Nikamweleza kwamba ile mionzi ya wiki tano, na vidonge vya kuiongezea makali, vilikuwa vya kuusinyaza uvimbe wa njia ya haja kubwa ili daktari aweze kuutoa wote. Nafuu hii ni ya kusubiria upasuaji, si ya kuufuta.

“Wewe hata na Mungu utabishana.”

“Na wewe utanizika huku unaimba,” nikamjibu. Wifi akacheka, kisha akajifuta macho kwa kanga.

Ninaloliogopa sikulisema. Naogopa kuamka baada ya upasuaji na mfuko wa kukusanyia choo umebandikwa tumboni. Kaka alipouliza kisu cha nini, kwa dakika moja nilitamani awe amesema kweli. Miaka yote ya uandishi wangu nimebishana na wakubwa magazetini, na hoja hiyo nyepesi ndiyo karibu inishinde.

Jumapili nitasimama. Nitashukuru kwamba damu imekoma, nitasema uvimbe bado umo, nitataja siku ya upasuaji na kumwomba kaka anisindikize. Mbele ya kanisa zima hawezi kukataa.

Wala mimi sitaweza kurudi nyuma.