Munyu wa Mama

Shinyalu, 3 Machi 2025

Mwanangu Immaculate,

Salamu nyingi. Nairobi inakutunza? Sisi tupo, ila daktari wa kliniki amesema figo zangu zimechoka, nipunguze chumvi. Ya dukani nimeiacha kabisa. Kunde naziunga kwa munyu wetu: nachoma maganda ya maharagwe, majivu nayachuja kwa maji, vile nyanya yako alikuwa anafanyanga. Mboga inalainika mpaka namaliza sufuria. Hakuna ubaya, ama?

Ni mimi, mamako

Nairobi, 5 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa figo. Ajabu ni kwamba hapa maabara tunachunguza kimeng'enya cha figo, protini ndogo inayoiongoza kazi yake. Kinalinda kiasi cha potasiamu, madini yanayousaidia moyo kupiga. Yakizidi kwenye damu, kimeng'enya kinalegea na figo inayatoa kwenye mkojo. Yakipungua, kinakaza yasipotee. Miaka miwili nakifuata kitu nisichokiona kwa macho.

Munyu hauna shida, ni wa kienyeji. Endelea tu.

Bintiyo

Nairobi, 29 Machi

Mama,

U hali gani? Zaidi ya wiki tatu hujaandika, na leo simu yako haipatikani. Nimemsimulia Isaiah, mwenzangu wa maabara, habari zako, akaniuliza munyu una nini ndani. Nilipoanza kumjibu ndipo nikagundua. Majivu yale yamejaa potasiamu, na figo zilizochoka haziwezi kuitoa yote, hata kimeng'enya kifanye nini. Munyu uumwage leo, uende wakupime moyo. Nimelelewa na munyu huo, na sikuwahi kujiuliza. Naogopa, Mama. Nimeomba ruhusa, nitafika Alhamisi.

Bintiyo

Shinyalu, 2 Aprili

Mwanangu,

Pole kwa wasiwasi. Leo nimeamka vizuri, nimekunywa uji. Wiki jana miguu ilikataa kusimama na moyo ukawa unarukaruka. Jirani yetu Kageha alinipeleka hospitali kwa pikipiki, nikalazwa siku sita, simu ikabaki nyumbani bila chaji. Nimetoka jana, ndipo nikakusoma. Chungu cha kuchujia nimempa Kageha, figo zake ni nzima. Mimi sasa nachemsha kunde, namwaga maji na hiyo potasiamu yako, nakula. Hazina ladha, sitakudanganya.

Daktari aliuliza ni nani aliniambia munyu ni salama. Nikamwambia ni ukaidi wangu wa uzee. Ijumaa narudi kwake, na utanisindikiza. Usinisahihishe mbele yake.

Mamako